Msiliulize yai, kiulizeni kikaango

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mayai na maziwa yanafaa kwa mtu anayetaka kupunguza mwili bila kujidhuru. Yanafaa, tena sana. Nilifundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na sasa nauza chai ya asubuhi hapa Tanga, mji wa maziwa. Kwa ninayoyaona mezani, wengi wanaouliza swali hili wamekwisha kulihukumu yai kwa makosa ya mafuta, na maziwa kwa makosa ya sukari.

Yai moja kubwa la kuku wa kisasa likichemshwa lina kalori kati ya 70 na 80, na gramu 6 hivi za protini. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Sasa mtazame mpishi wa chipsi mayai. Kijiko hana. Ana chupa ya maji iliyotobolewa kizibo. Anaminya mara ya kwanza kikaango kikiwa kitupu, anaminya tena pembeni ili yai lisishike, na chipsi zenyewe zimeshaogelea kwenye karai kabla ya hapo. Gramu 200 za chipsi peke yake ni kalori 500 hadi 600. Mayai mawili yaliyozifunika ni 150 tu. Halafu mlaji akifika tundu la mwisho la mkanda anatangaza kwamba mayai hayamkubali!

Kuna kijana hupita jioni na ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari na pilipili ya kusaga. Mayai mawili kwake, na kachumbari ya kutosha juu, hayafiki kalori 200 na yanakaa tumboni hadi saa ya kulala. Ukiniambia nichague chakula cha kupunguza uzito kati ya vyote vinavyouzwa barabarani, nitamwita huyo. Ninachomwomba ni chumvi kidogo tu, maana presha nayo ipo.

Yanakaa tumboni kwa sababu ya protini. Kalori kwa kalori, protini hushibisha kuliko wanga, na mwili unatumia nguvu nyingi zaidi kuisaga: robo hivi ya kalori zake huishia kwenye kazi hiyo, wakati kwa wanga ni chini ya sehemu ya kumi. Jambo la tatu, ambalo watu wa kujinyima husahau, ni kwamba mtu anayepungua bila protini ya kutosha hupungua hadi misuli. Mizani inashuka, anafurahi, lakini ngazi za ghorofa ya pili zinamtoa jasho.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani unaotajwa kila mahali panapozungumzwa mayai na uzito. Watu wazima wenye uzito uliozidi walipewa kifungua kinywa cha kalori 340: wengine mayai mawili, wengine aina ya mkate mgumu wa duara. Baada ya wiki 8, waliokula mayai huku wakipunguza chakula cha siku nzima walikuwa wamepoteza uzito kwa asilimia 65 zaidi ya wenzao wa mkate, ambao nao walikuwa wakijinyima vilevile. Hapo ndipo watu wanapoishia kusambaza. Kulikuwa na makundi mengine mawili yaliyokula mayai au mkate bila kupunguza chochote, na huko yai halikuleta tofauti yoyote ya maana. Tena fedha za utafiti zilitoka upande wa wazalishaji wa mayai. Sitayatupa matokeo kwa sababu hiyo, ila nayasoma nikiwa nimevaa miwani.

Kwangu mimi makundi yale mawili ya mwisho ndiyo yenye jibu. Yai halichomi mafuta ya mtu. Linamsaidia mtu aliyeamua kupunguza asilemewe na njaa saa nne asubuhi. Kwa hiyo lazima likiingia, kitu kitoke. Chapati moja ya kusukuma iliyokaangwa vizuri haikosi kalori 250. Anayeacha moja kati ya mbili na kuweka yai la kuchemsha badala yake amefanya biashara nzuri. Anayekula zote mbili, maharage ya nazi, chai, na juu yake yai "kwa ajili ya afya", huyo ameongeza yai. Wateja wa namna hii ninao, nawapenda, na mwezi hadi mwezi wananiuliza mbona hawapungui.

Lipo pia lile agizo linalozunguka kwenye WhatsApp, la kula mayai asubuhi, mchana na usiku kwa wiki mbili. Kilo za mwanzo zinaondoka kweli, na nyingi ni maji. Mwili huhifadhi wanga pamoja na maji. Ukikata wanga ghafla, maji yale hutoka, na ugali wa kwanza ukirudi nayo hurudi. Yai halina nyuzinyuzi hata kidogo, kwa hiyo zawadi ya wiki ya pili ni choo kigumu. Sina zaidi la kusema juu ya agizo hilo.

Nirudi kwenye kiini, maana hapo ndipo pana hofu kubwa. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasizidishe mayai matatu kwa wiki, kwa ajili ya kolesteroli. Kiini kimoja kina takriban miligramu 186, na kikomo cha siku kiliwekwa 300. Ushauri huo ulisafiri dunia nzima, ukafika hadi kwenye vitabu nilivyofundishia. Baadaye ilionekana kwamba kwa watu wengi kinachopandisha kolesteroli ya damu zaidi ni mafuta ya kuganda, kuliko kolesteroli iliyomo kwenye chakula chenyewe. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 ukaiondoa ile namba ya 300, na mwaka 2019 chama kilekile cha moyo kikasema mtu mwenye afya anaweza kula yai moja zima kwa siku. Ubishi haujaisha, mwaka huohuo utafiti mwingine mkubwa ulihusisha mayai mengi na maradhi ya moyo. Lakini kutoka matatu kwa wiki hadi moja kila siku ni safari ndefu.

Anayetupa kiini anatupa zaidi ya theluthi moja ya protini ya yai, pamoja na karibu vitamini A na D zote na sehemu kubwa ya madini ya chuma. Kisha, kwetu huku pwani, huyohuyo mchana anakula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tui la kwanza. Mafuta ya nazi ni ya kuganda kwa zaidi ya asilimia 80, na ya yai zima ni chini ya theluthi. Sisemi tuache nazi, nani atanisikiliza hapa Tanga? Nasema mtu asiliogope yai huku kifuu cha tatu kiko kwenye mbuzi.

Na wale wanaolipa zaidi kwa yai la kienyeji wakiamini halinenepeshi: unjano wa kiini unatokana na alichokula kuku, majani na mahindi ya njano. Kalori hazijui kuku alilala wapi. Linunue kwa utamu wake.

Maziwa yanahitaji kutenganishwa kwanza, kwa sababu watu huita "maziwa" vitu visivyofanana. Samli na siagi zimetoka kwa ng'ombe, lakini protini hazina ya kutajika. Ni mafuta, na kijiko chake kipimwe kama kijiko cha mafuta mengine. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari ni peremende ya kunywa. Maziwa halisi, glasi ya mililita 250, yana kalori kama 150, gramu 8 za protini na kalisi karibu miligramu 300. Yaliyoondolewa krimu yana kalori 85 hadi 90. Kwa anayekunywa glasi moja kwa siku, tofauti hiyo ya kalori 60 isimnyime usingizi; kwa anayekunywa lita, ni jambo kubwa.

Sukari ndiyo inayotuponza. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4, na vijiko vya mgahawani kwangu havijawahi kusawazishwa na mteja yeyote. Hata tukisema ni sawa, vikombe vitatu kwa siku vya vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linapendekeza ikiwezekana sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Chai pekee imeshavuka, na lawama anabebeshwa ng'ombe. Mtindi wa vikopo vyenye ladha ya stroberi ni hadithi ileile: kisome kikopo mgongoni kabla ya kumlipa muuzaji.

Je, maziwa yenyewe yanapunguza uzito? Wenye viwanda vya maziwa Marekani waliwahi kutangaza hivyo kwa sauti kubwa, hadi mwaka 2007 tume ya biashara ya nchi hiyo ilipowabana na matangazo yakaachwa, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Majaribio yanaonyesha kitu kinachofanana na yale ya mayai: kwa anayepunguza kalori, maziwa husaidia kidogo, kwa asiyepunguza, hakuna miujiza. Mtindi una sifa yake ya ziada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia Wamarekani zaidi ya 120,000 kwa miaka mingi, ulikuta mtindi unaenda pamoja na kutoongezeka uzito, na viazi vya kukaanga vinaenda pamoja na kuongezeka. Bila shaka wala mtindi wana mazoea mengine mema pia, hivyo sifa zote tusiupe mtindi.

Mimi naupendelea kwa sababu nyingine. Watu wengi wetu, tukishakua, tumbo hupunguza uwezo wa kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Ndiyo gesi na kuharisha baada ya glasi ya maziwa mabichi au ya moto. Kwenye mtindi, bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Wafugaji ni habari nyingine: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya urithi yanayowawezesha watu wengi wa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari George Mann aliwapima Wamasai waliokuwa wakiishi hasa kwa maziwa, akakuta kolesteroli yao iko chini. Kabla mtu hajafungua pipa la maziwa kwa kuwaiga, ajue Mann alikuta pia miili yao ni imara mno kwa kutembea na mifugo kutwa. Mtindi bila bodaboda, kwa kifupi.

Kwa hiyo nikimpangia mtu wa kawaida anayetaka kupungua: yai moja au mawili ya kuchemsha asubuhi badala ya chapati au maandazi, si pamoja nayo. Atakayekaanga, apake mafuta kikaangoni kwa kijiko cha chai. Chai yenye maziwa, sukari ishuke kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi uzoee. Mtindi usiotiwa kitu mchana, na ndizi ikibidi utamu.

Mwenye kisukari, mwenye kolesteroli ya kurithi au mwenye maradhi ya figo asinisikilize mimi, amsikilize daktari wake. Wa figo hasa, maana protini ambayo nimeisifu kote huko kwake inaweza kuwa mzigo. Na akina mama wenzangu, mkianza kupunguza mwili msiwaingize watoto. Aliyefikisha mwaka na anakunywa maziwa ya ng'ombe apewe yenye mafuta yake yote hadi atimize miaka miwili, hata kama nyumba nzima inakunywa yaliyoondolewa krimu.