Miaka miwili na nusu, maneno sita

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi saba, maneno yake hayazidi sita: mama, ba, ofo (hiyo ni boflo) na mengine nayajua mie peke yangu. Mama mkwe anasema nisiwe na haraka mana hata babake alichelewa. Jirani anasema ulimi umefungika akatwe, mwengine anasema kimeo. Nimempeleka kituo cha afya, akapimwa kilo nikaambiwa yuko sawa. Babake yupo Oman, kila nikimwambia anasema namtafutia mtoto maradhi. Kusikia anasikia, gari ikipiga honi anageuka. Nifanyeje? Mama wa Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Humtafutii mtoto maradhi. Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida ana maneno kama 50 na keshaanza kuyaunga mawili mawili, "baba kaja", "taka maji", na wako kaupita umri huo kwa miezi saba akiwa na sita. Hiyo haikwambii ana nini, lakini inatosha kumpeleka kupimwa. Mama mkwe nae hajasema uongo, wapo kweli wanaochelewa alafu wakawafikia wenzao bila ya kufanyiwa kitu, ila kwa kumtazama tu huwezi kujua yupi atafika na yupi hatofika.

Visu viwekeni mbali. Kimeo hakimcheleweshi mtoto kusema, kukikata ni kumtafutia damu na vijidudu bure. Ulimi uliofungika unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na mkubwa pengine kutamka baadhi ya herufi, lakini mtoto wa hivo angesema mengi kwa kithembe, asingekaa kimya.

Linalonishughulisha mie ni hiyo honi. Honi sauti kubwa, karibu kila mtu anaisikia! Mtoto anaweza kugeuka kwa honi, kwa ngoma, kwa mlango kubamizwa, na hapo hapo s, f na t zikampita kabisa mana ni sauti nyembamba na dhaifu, akawa anapata nusu ya neno siku zote, sasa atalisemaje zima? Mwengine kila akipata mafua masikio yanajaa majimaji kwa ndani, wiki hii anasikia wiki ijayo hasikii, nyumbani wanamwita mkaidi. Mjaribu hivi: akiwa kashughulika na mchezo wake, simama nyuma yake hatua tatu, usikanyage kwa kishindo, kivuli chako asikione, umwite kwa sauti yako ya kawaida. Rejea siku nyengine. Lakini hata akigeuka, hiyo si badala ya mashine ya kupimia masikio, omba barua ya kwenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Kipo kipimo ambacho mtoto anatiwa kitu kidogo sikioni akae kimya tu, hatakiwi kujibu chochote. Ukiambiwa kwa Pemba hakipatikani, hospitali ya rufaa ni Mnazi Mmoja Unguja, na nauli ya boti najua inauma, lakini sikio ndo la mwanzo, mtu yoyote atakaekwambia mwanao ana hili au lile kabla hajajua kama anasikia, msikilize kwa adabu alafu uendelee kudai kipimo.

La pili ni kufahamu, na hapa wazazi tunajidanganya sana. Kila mama nnaemuuliza ananiambia "anafahamu kila kitu, kusema tu ndo hasemi". Kumbe anamwambia "lete kandambili" huku kidole kinaonesha kandambili, macho yako kwenye kandambili na wanataka kutoka. Mtoto kasoma kidole. Kaa na mikono yako mapajani, mtazame usoni, umwambie "chukua kijiko ukaweke kwenye ndoo", kitu ambacho hakitarajii. Mtoto wa umri wake anaefahamu vizuri huweza hilo. Anaefahamu lakini hasemi ana hali nafuu kidogo kuliko asiefahamu, huyo wa pili msimcheleweshe hata mwezi.

Angalia pia kama anakuonesha vitu kwa kidole (si kuomba tu, kukuonesha, "tizama ndege!"), kama anakutazama machoni, kama anacheza kupikapika na vifuu. Na kama aliwahi kuwa na maneno alafu yakapotea, usingoje gazeti lijalo, nenda kesho.

Siku ya kupimwa mrikodi kwenye simu kabla, dakika tano anacheza nyumbani, kwa sababu mbele ya mgeni wengi wanakuwa mabubu kabisa. Na umwambie mpimaji nyumbani mnasema Kipemba. Nimeona watoto wakioneshwa picha za vitu ambavyo hawajaviona maishani, au wakihesabiwa maneno kwa mizani ya Kiingereza. "Kaninyang'anya" kwetu neno moja, ndani yake mna aliyefanya, aliyefanyiwa na wakati, Mwingereza anahitaji maneno matatu manne, sasa utahesabu vipi sawa? Na mtoto wa miaka miwili kusema "taka" badala ya "nataka" ni kawaida kwa watoto wa Kiswahili. Kule Kilifi, Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, mama anaulizwa kwa mdomo lipi mtoto analisema na lipi analifahamu, hata asiejua kusoma anajibu. Unaweza kuanza mwenyewe, andika kila neno lake kwenye daftari, "ofo" nalo ni neno, mana analitumia kwa kitu kile kile kila siku.

Babake akipiga video, mwambie asikuulize wewe "mtoto kasema?", azungumze na mwanawe.

SWALI: Mie mwalimu wa nasari Unguja. Nna mtoto wa miaka mitano na nusu, chuoni (madrasa) anasoma sura za Kurani kwa moyo, herufi zote za Kiarabu safi hata dhadi. Lakini ukimuuliza jana umefanya nini anasema "ile, ile pale, kaenda" basi. Mamake anasema hawezi kuwa na tatizo mtu anaesoma hivo.

JIBU: Anaweza. Kuhifadhi na kutamka ni kazi moja, kupanga maneno yako mwenyewe ni kazi nyengine. Uingereza walipopima watoto wanaoanza skuli walikuta kama 7 kwa 100 wana tatizo la lugha lisilotokana na maradhi mengine yanayojulikana, yaani kwenye darasa la 30 ni wawili hivi, na wengi wanapita wakiitwa wazito au watundu. Mpe sentensi azirejee, "mtoto aliyeangusha kikombe amekimbilia nje", usikilize kama anairudisha nzima au anabakisha "mtoto kikombe nje". Alafu msimulie kihadithi kifupi cha sungura, akusimulie na yeye. Mfanyie hivo na wenzake watatu wa umri wake, uandike kila mmoja alivosema neno kwa neno, na karatasi hiyo umpe mamake aende nayo hospitali, waanze na masikio.