Zuhura, kabla hujatia saini ile karatasi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama yako. Waniuliza kuhusu karatasi ya kujiunga na chama cha wafanyakazi inayopitishwa hapo ghalani kwenu Chicago. Yule mzee Mmarekani mweusi unayefanya naye kazi amekuambia usijisumbue: haki zao zilipatikana kanisani na mahakamani, vyama vilikuwa vya wazungu. Wataka kujua kama ni kweli.

Nusu ni kweli, kwa hiyo usimbishie mbele za watu. Vyama vingi vya reli huko viliandika katika katiba zao kwamba mwanachama sharti awe mzungu. Mtu akikumbuka hilo kwa uchungu, ana haki.

Lakini nusu ya pili iko kwenye reli, na reli naijua. Kampuni ya Pullman, ya huko huko Chicago, ilikuwa na mabehewa ya kulala, na wahudumu wake karibu wote walikuwa weusi. Walitandika vitanda, wakang'arisha viatu vya abiria usiku, na dawa ya viatu wakainunua wenyewe. Mshahara haukutosha, waliishi kwa bakshishi. Na abiria hakuuliza jina la mtu. Wote waliitwa "George", jina la mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Hapo nilicheka kicheko kikavu, maana mimi nilitandika vitanda vya daraja la kwanza Mombasa hadi Nairobi miaka mingi, na wako abiria waliotoka ng'ambo wakaniita "boi", nami nina watoto wanne.

Mwaka 1925 wahudumu hao walianzisha chama chao, wakamchagua A. Philip Randolph awaongoze. Hakuwahi kuhudumu kwenye behewa hata siku moja. Ndiyo sababu wakamtaka: kampuni haikumwajiri, basi haikuweza kumfukuza. Wao wenyewe walikuwa wakifukuzwa, na wapelelezi wa kampuni walikuwa miongoni mwao. Ilichukua miaka 12. Mkataba na kampuni ulitiwa saini Agosti 1937.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 1941 Randolph alimtisha Rais Roosevelt kwamba ataleta maelfu ya weusi waandamane Washington. Roosevelt akatoa amri ya kukataza ubaguzi wa ajira katika viwanda vya silaha, na maandamano yakaahirishwa. Desemba 1955, Rosa Parks, mama mweusi, alipokamatwa Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, mmoja wa waliokwenda kumwekea dhamana ni E. D. Nixon, mhudumu wa Pullman na kiongozi wa chama chao pale mjini. Hata yale maandamano ya 1963 tunayoyakumbuka kwa hotuba ya Martin Luther King, Randolph ndiye aliyeyaongoza, na jina kamili la maandamano hayo lilitaja ajira kwanza, uhuru baadaye. Nami siku zote nilikuwa nikiwaambia habari za hotuba tu. Kosa langu hilo.

Ila mpe mzee wako haki yake tena: baraza kuu la shirikisho la vyama, AFL-CIO, lilikataa kuyaunga mkono maandamano hayo, ingawa Randolph alikuwa mjumbe humo. Baadhi ya vyama vilikwenda kwa hiari yao.

Basi karatasi yako isome mbele na nyuma. Uliza ada ni kiasi gani, viongozi wanachaguliwa vipi, na waliowahi kufukuzwa chama kiliwafanyia nini. Muulize na huyo mzee kama baba yake au babu yake alifanya kazi ya treni. Chicago ni wengi. Akikujibu, niandikie alivyosema.

Mama yako anauliza kama koti la baridi limekutosha.

Babako