Saa 200 mkononi, kazi hakuna: maswali yenu kuhusu ualimu wa urubani

Kapteni, nina leseni ya rubani wa biashara na saa 210 za kuruka. Kila ninakoomba kazi wanataka 500 kwenda juu. Wenzangu wananishauri nisomee ualimu. Si kupoteza muda huko? – Msomaji, Nakuru

Kijana wangu, karibu kwenye jangwa. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya biashara ni saa 200, au 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa, inadai 1,500. Katikati hapo kila mtu anajitafutia maji. Mwenye baba tajiri anakodi ndege. Mwenye mjomba kwenye kampuni ya safari za Mara anapata kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria. Sisi wengine tulifundisha, kwa sababu mafuta yanalipiwa na mwanafunzi, na saa ya kufundisha inaandikwa kwenye kitabu chako kama saa ya rubani kiongozi.

Lakini usiende kwa ajili ya saa peke yake. Mwalimu anakaa kulia. Siku yangu ya kwanza kwenye kiti kile, nikiwa na leseni mfukoni na kiburi kidogo, nilitua kama mwanafunzi wa wiki ya pili: mkono uliozoea wenzo wa nguvu ya injini ulikuwa sasa kwenye usukani, na ule wa usukani ukatafuta wenzo. Kisha ilinibidi kutua huku nikieleza ninachofanya. Hapo ndipo nilipogundua mambo mangapi nilikuwa nayafanya kwa mazoea tu, bila kuyajua sababu.

Mfano, uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Uwanja uko takribani futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, injini na mabawa hufanya kazi kama vile mko juu ya futi 8,000. Ukiwa mwanafunzi uliambiwa tu kwamba ndege itapanda polepole. Ukiwa mwalimu, lazima umwonyeshe mwenzako hesabu kabla hamjawasha injini, na pengine umwambie: leo haturuki wawili na matangi yaliyojaa. Uamuzi wa namna hiyo, ukirudiwa kila siku, ndio unaokufanya rubani.

Mimi ni mpole, hata darasani nilikuwa sisemi. Naweza kufundisha? – Dada wa Mwanza

Dada yangu, wasemaji ndio wanaonitia wasiwasi. Mwanafunzi anayekaribia ardhi hana nafasi ya hotuba masikioni. Fikiria hivi: magurudumu yako kimo cha mtu juu ya lami, naye amevuta usukani kwa pupa, pua imeinuka, ndege imepanda tena badala ya kushuka, na mwendo unapungua. Mikono yako iko mapajani, vidole vimekwisha kuamka. Ukishika mapema, hajifunzi. Ukichelewa, mnavunja gurudumu la mbele. Maneno yanayofaa pale ni mawili: "Shikilia hapo." Au "Ongeza nguvu", mkazunguka tena. Ikibidi kuchukua, sema "Naongoza mimi", naye ajibu kwamba ndege ni yako. Hilo halina upole wala aibu. Wawili hawashiki usukani mmoja.

Binamu yangu yuko Texas, anasema huko bila saa 1,500 huajiriwi na shirika la ndege. Kweli? – Msomaji, Mombasa

Kwa sehemu kubwa, kweli. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi anahitaji leseni ya juu. Wahitimu wa vyuo vya urubani wanapunguziwa hadi 1,000, na waliotoka jeshini 750. Cha ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Ulaya bado mtu anaingia kiti cha kulia cha ndege kubwa akiwa na saa kama 200. Kwa hiyo binamu yako, mwenye leseni ya biashara ya saa 250, ana saa zaidi ya elfu za kujaza, na wengi huko huzijaza kwa kufundisha.

Mshahara je?

Shule nyingi hulipa kwa saa ya kuruka. Masika ikishika na mawingu yakalala juu ya Ngong, mnakunywa chai. Weka akiba Januari.

Mwalimu wa mwanangu ana miaka 24. Nimtoe? – Mzazi, Thika

Mzee, umri usikusumbue. Muulize mwanao jambo moja: baada ya kuruka, wanakaa chini kuzungumza, au mwalimu anatia saini na kukimbilia ndege inayofuata? Kama ni la pili, analipwa kwa pesa zako kujaza kitabu chake. Zungumza na mkuu wa walimu.

Nimefundisha mwaka mmoja na nimepata kazi ya Caravan. Nina wanafunzi watatu ambao bado hawajaruka peke yao. Naona haya kuwaacha. – Mwalimu, Nairobi

Nenda, mwanangu, nafasi hizo hazisubiri. Ila waambie wenyewe, wasisikie kwenye foleni ya chai. Na faili la kila mmoja liandike vizuri, usiweke "anaendelea vema". Andika: "Mguu wa kulia mvivu wakati wa kupaa. Anavuta mapema akitua. Redio safi." Atakayewapokea asianze upya kwa pesa za wazazi wao.