Kwa nini serikali ya Meksiko iliwalipa wakomunisti wachore kuta zake?

Kwa sababu iliwahitaji, ndugu. Mapinduzi yaliyoanza 1910 yaliiacha nchi vipande vipande, na wananchi wengi hawakujua kusoma. José Vasconcelos, aliyeshika wizara ya elimu 1921, akaona kuta za majengo ya umma zinaweza kufundisha historia. Siasa za wachoraji wenyewe zilikuwa kali kuliko zake, lakini ukuta ukishachorwa, basi tena.

Tazama ngazi za Palacio Nacional, ikulu ya Meksiko, kazi ya mchoraji Diego Rivera ya 1929 hadi 1935. Taifa halianzi na meli za Wahispania. Linaanza na wenyeji, kisha uvamizi, uhuru, mapinduzi, na juu kwenye ukuta mmoja yupo Karl Marx, baba wa ukomunisti! Ndani ya ikulu, hebu fikiria.

Ila watu humsifu Rivera mno. Mimi namwona mchoraji mwenzake, José Clemente Orozco, mkweli zaidi. Pale chuo cha San Ildefonso, 1926, aliwachora Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, na Malinche, mkalimani wake mwenyeji, wako uchi, wameshikana mikono kama wazazi wa taifa, na chini ya miguu yao amelala mwenyeji.