Re: Ile manowari ya Finland, Warusi waliizamisha au la?

Mkuu, umeuliza kama Väinämöinen, ile manowari ya Finland, ilizamishwa na Warusi 1944. Hapana, walizamisha meli nyingine kabisa.

Hii Väinämöinen ilikuwa ya kulinda pwani tu, wala si ya kutembea bahari kuu. Tani 3,900 hivi, urefu mita 93, halafu imebebeshwa mizinga minne ya milimita 254 ya Bofors (kampuni ya silaha ya Sweden), yaani ni kama pikipiki imepakia friji. Bodi waliifanya haizami sana majini ili ipenye katikati ya vile visiwa na miamba ya kwao, lakini ikitoka nje kwenye mawimbi inayumba balaa. Injini zake dizeli zinazalisha umeme, umeme ndo unaendesha mota za kuzungusha propela, kwa miaka ya 1930 hiyo haikuwa kitu kidogo.

Pacha wake Ilmarinen ndo alikufa vibaya, Septemba 13, 1941 iligonga mabomu ya kutegwa majini, ndani ya dakika kama saba hivi chali, watu 271 wakaenda nayo.

Sasa Julai 1944 ndege za Urusi zikaja kwa makumi pale Kotka, bandari ya Finland, kuitafuta Väinämöinen, wakaishindilia mabomu meli ya Wajerumani iitwayo Niobe wakidhani ndo yenyewe 😂 Yenyewe haikuguswa, vita ikaisha meli ikiwa nzima, 1947 Warusi wakaichukua, wakaiita Vyborg, kwenye 1966 ikakatwa chuma chakavu.