Ripoti zinang'aa, kijijini bustani zimekauka. Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mi ni mratibu wa mradi kwenye shirika dogo huku Dodoma, tunasaidia wakulima wa mbogamboga. Kwenye ripoti kila kitu kiko poa, semina zimefanyika, mbegu zimegawiwa, bajeti inaenda vizuri, ila ukifika kijijini bustani nyingi zimekauka. Bosi anataka tununue programu ya kompyuta ya kusimamia miradi na mimi niende kozi. Kweli hapo tatizo litaisha?

JIBU: Pole na majukumu ndugu yangu. Kozi nenda, na hiyo programu itakukumbusha tarehe, ila habari ya bustani kukauka utaletewa na afisa wako wa kijijini, na hataileta kama anajua atafokewa.

Kwa kuwa uko Dodoma nikukumbushe Kongwa, hapo jirani yako. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, lengo ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Pesa ipo, matrekta yapo, wataalamu wapo. Lakini ile tume iliyokuja kukagua 1946 ilizunguka wiki 9 tu, tena sehemu kubwa waliangalia ardhi kutoka kwenye ndege, wakati Wagogo wanaoijua mvua ya pale ilivyo ya kubahatisha walikuwepo hapo hapo. Kiangazi kikaja udongo ukakakamaa, karanga hazing'oki. Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000, hata 10,000 hazikufika, na bado mradi ukaendelea kusukumwa mpaka 1951 ulipofutwa, pauni kama milioni 36 zimeshapotea. Inaniuma sana hii, kwa sababu dalili zilionekana mapema kabisa!

Sasa na nyie mnahesabu semina na mbegu. Hesabuni bustani zenye mboga leo. Kila mwezi kaeni na wakulima wenyewe, akina mama wanaochota maji hasa, waulizeni nini kimekwama, na afisa akileta habari mbaya bosi amshukuru mbele ya wenzake, mwombe kabisa afanye hivyo. Kama shida ni maji basi simamisheni ugawaji wa mbegu kwanza. Halafu mwandikieni mfadhili sasa hivi wakati pesa bado ipo, ombeni kuhamisha kifungu cha semina kiende kwenye maji, msisubiri ripoti ya mwisho wa mwaka.