Glandi ya kebo ya amadi inacheza, nifanyeje?

Mdogo wangu wa Igombe, umesema glandi, kile kibanio cha kebo inapoingia kwenye boksi, ya pampu yako hapo ziwani inazunguka ukiishika na zile nyaya za chuma zinazoikinga kebo ya amadi umezikata usawa wa ganda, sasa hapo glandi itabana nini? Zima meni swichi, pima na testa, anza upya. Kofia ya mpira na nati ya nyuma vitangulie kwenye kebo, watu wengi wanavisahau. Chuna ganda la nje halafu nyaya usizikate moja kwa moja, zikwaruze na msumeno wa chuma mpaka nusu ya unene tu kisha zikunjekunje zitakatika zenyewe, maana ukipitiliza unachana ganda la ndani na hiyo kebo mimi siwashi. Bakiza urefu wa kufunika koni ya glandi, zitandaze ziikalie pande zote, kaza kwa spana mbili. Hapo ni nje na kuna maji, kwa hiyo chukua glandi ya aina ya CW, aina ya BW ni ya ndani pakavu. Na pete ya ethi, ile ya kuunga nyaya za chuma na waya wa ardhini, weka tafadhali, nyaya zisipoungwa na ethi siku kebo ikichubuka boksi la chuma lote linakuwa na umeme, na umesema watoto wanachota maji hapohapo.